Mama Ngithi Alipomwambia Mungu Habari za Kiwanda Changu

Niliacha shule nikiwa darasa la sita pale Kanja, na sikuacha kwa sababu ya ujinga. Karo ilikwisha, na miguu yangu tayari ilikuwa inajua njia ya soko kuliko njia ya darasa. Nalisema hili mapema ili wewe mwenye digrii ukae vizuri kwenye kiti. Nimekuwa na watu hamsini na wawili chini yangu. Wawili kati yao walikuwa na shahada, mmoja ya hesabu, mwingine ya mambo ya vyakula, na wote wawili walinisalimia wakiwa wamesimama. Kile kiwanda cha kubangua makadamia pale Karurumo, chenye mabati ya kijani, ni mimi nilikisimamisha, nguzo kwa nguzo. Hakuna aliyenipa. Hata baiskeli niliyoanza nayo kununua njugu mashambani niliinunua kwa kubeba mawe.

Sasa nimestaafu, ingawa nywele bado ni nyeusi, na vijana mnaniita kwenye mikutano yenu niwape siri. Mnataka kujua mwekezaji anapatikanaje, wafanyakazi wanaongozwaje, kampuni inajengwaje mpaka watu waipende. Nitawaambia. Lakini lazima niwaambie pia kuhusu asubuhi moja niliposimama kando ya mwekezaji wangu, kofia mkononi, macho nimefumba, nikamsikia mama wa kuchagua njugu akimweleza Mungu, kwa sauti ya kutosha, mambo ya kiwanda changu ambayo mimi mwenye kiwanda sikuyajua. Miaka minne imepita. Nikikumbuka bado masikio yanashika moto.

Nianze na njugu yenyewe, maana ukiongoza watu kwa kitu usichokijua, watakuchekea tumboni.

Aliyenifundisha njugu ni Mzee M'Ikiara, aliyekuwa na stoo ndogo Meru mjini, njia ya kwenda Kaaga. Mtu mfupi, mkali, suruali imefungwa kwa kamba. Siku ya kwanza nilimpelekea magunia matatu nikiwa najiona tajiri. Hakuangalia hata moja. Alichukua ndoo ya maji, akamwagia njugu chache ndani.

"Hizi zinazoelea ni za nani?" akaniuliza.

"Ni zangu, mzee."

"Zirudishe kwa mama yako akupikie. Njugu ikiwa na gamba, nzuri huzama. Ukishatoa gamba, kiini kizuri huelea, kwa sababu ya mafuta. Mtu asiyejua hilo ananunua hewa."

Nikashtuka kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa kizuri kwa kuzama, halafu kiwe kizuri kwa kuelea. Nilikaa na mzee huyo miaka miwili. Akanifundisha pia kupasua lile ganda la kijani na kuangalia upande wake wa ndani: likiwa jeupe, njugu haijakomaa, aliyeichuma ana njaa au ni mwizi, likiwa la kahawia, nunua. Na kila alipopima njugu ya mkulima, aliipasua mbele ya mkulima mwenyewe, si nyuma ya stoo. Hayo yote niliyashika. Nikitikisa njugu sikioni mpaka leo, nakuambia imekaushwa siku ngapi. Leteni mtaalamu wenu na kipimo chake tushindane.

Lakini kujua njugu hakunizuia kuwa mjinga mahali pengine. Mwaka wa pili wa kiwanda, rika langu mmoja, mtu tuliyepashwa tohara naye msimu mmoja, aliniletea lori zima. Nyinyi vijana wa mjini labda hamjui rika ni nini kwetu. Rika anaweza kukutukana mbele ya mke wako na ucheke. Rika anaingia kwako akafungua sufuria. Sasa utamwambia rika kwamba unataka kuweka njugu zake kwenye ndoo? Nilimlipa hapo hapo, tukanywa chai, akanitania kwamba nimenenepa kama mheshimiwa. Alipoondoka nikajaza pipa maji. Nusu ya lori ilielea kama mabata. Nilisimama pale mdomo wazi mpaka inzi akaingia. Tangu siku hiyo nilisema mbele ya lango kwamba ndoo haina rika, haina shemeji, haina mchungaji. Weka sheria yako kabla ndugu hawajafika, kwa sababu wakishafika hutaweza.

Kuhusu mtaji. Mimi nilianza na baiskeli, kisha ng'ombe wawili niliouza, kisha chama cha wanaume kumi ambapo kila mwezi mmoja wetu anapokea. Benki ilinifukuza mara tatu. Mara ya tatu yule bwana wa mikopo aliniuliza mpango wangu wa biashara uko wapi, nikamwonyesha kichwa changu kwa kidole. Hakucheka. Baadaye binti yangu Wanja aliyesoma aliniandikia mpango wa kurasa ishirini, na benki hiyo hiyo ikanipa pesa za draya ya kwanza, ile mashine ya kukaushia kwa hewa ya moto. Kwa hiyo nawaambia bila aibu: ukiwa hujui kuandika, tafuta anayejua, lakini hesabu zote zitoke mdomoni mwako. Ukiulizwa ukatazama pembeni, umekwisha.

Watu pia niliwaongoza vizuri, au ndivyo nilivyofikiri. Mimi ndiye nilikuwa bosi, meneja, na mchungaji wa kiwanda. Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla mashine hazijawashwa, watu wote walisimama uani tukaomba. Na mwombaji alikuwa mimi. Hapo nitawapa siri yangu ambayo nilijivunia kwa miaka: sikuwa nikimkaripia mtu ofisini. Nilimkaripia kwenye maombi. Nilisema, "Baba, mguse yule aliyeacha bomba la maji wazi jana, umkumbushe kwamba maji si ya mama yake." Au, "Bwana, wako hapa mabinti wanaofika saa mbili. Waamshe, Bwana, kama ulivyomwamsha Lazaro." Watu wote wanasema amina. Aliyechomwa naye anasema amina. Nani atamjibu bosi aliyesimama upande wa Mungu? Niliona ni uongozi wa hali ya juu. Hakuna barua za onyo, hakuna kelele, na roho zinanyooka.

Draya ilikuwa chini ya Nyaga, ndiye yule mwenye shahada ya vyakula. Mtu mpole, mwembamba, anaandika joto la draya kila saa kwenye daftari lake kana kwamba anaandika maisha ya mtakatifu. Meza ya kuchagua ilikuwa ya akina mama, na mkubwa wao alikuwa Mama Ngithi, mjane kutoka Mbeere, kule chini kwenye joto. Alikuwa nami tangu siku tulipobangua kwa mawe. Vidole vyake vinajua kiini kibaya kabla macho hayajafika. Mimi nilimwita Mama, yeye aliniita Baba Wanja, na tuliheshimiana. Nilifikiri tuliheshimiana.

Msimu ule mvua ilikataa kuondoka. Njugu zilifika zimelowa, na mnunuzi wetu wa Mombasa alikuwa na meli inayomngoja, anapiga simu asubuhi na jioni. Sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Njugu mbichi lazima ianze na joto la pole, siku kadhaa, mpaka maji yapungue. Ukiikimbiza na moto mkali ikiwa bado ina maji, kiini kinaungua tumboni. Nje kinabaki cheupe kama jino la mtoto, ndani ni kahawia na kichungu. Huwezi kuona mpaka ukipasue kiini chenyewe. Mimi ndiye nilimfundisha Nyaga mambo haya, kabla chuo chake hakijamwongezea maneno.

Nikamwambia aongeze moto.

"Mdosi," akasema, "tungengoja hata siku mbili. Bado zina maji."

"Nyaga, hii draya ilijengwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi iongeze."

Kesho yake kwenye maombi nikasema, "Baba, tuondolee hapa roho ya uvivu inayovaa nguo za hekima." Watu wakasema amina. Nyaga naye akasema amina, kichwa chini.

Baada ya siku chache Mama Ngithi alikuja ofisini. Hakuwa na kawaida ya kuja ofisini. Alifungua kiganja, ndani yake kiini kilichopasuliwa, akakinyoosha kwangu. Mimi nilikuwa kwenye simu na yule wa Mombasa. Nikafunika simu kwa mkono nikamwambia, "Mama, hapa unalipwa kwa macho na vidole. Kichwa niachie mimi." Akafunga kiganja chake akarudi mezani. Sikuangalia kile kiini. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu, kwa mtu aliyenibangulia njugu kwa mawe.

Njugu zilizoonekana safi zikaenda Mombasa. Yule mnunuzi akapasua viini vichache tu, akarudisha nusu ya mzigo, akaacha kupiga simu. Mishahara ikachelewa mwezi mmoja, halafu miwili. Draya ilikuwa imechakaa, nilihitaji mbili mpya, na benki ilishaanza kuniita kwa jina kamili. Nikaona dawa ni mwekezaji. Wanja akanitafutia kampuni moja ya Nairobi inayoweka pesa kwenye viwanda vidogo. Msimamizi wao alikuwa mwanamke anayeitwa Bi Lilian, jina lake la pili ni la mume wake, Mluhya. Tuliongea kwenye simu kwa Kiswahili na Kiingereza, akasema atakuja kuona. Akikubali, kiwanda kinaishi. Akikataa, ningewafungia lango watu hamsini na wawili kabla ya msimu kwisha, na wote walijua hivyo.

Nikajiandaa kama mtu anayeoza binti. Nilipaka rangi ukuta unaoonekana kutoka barabarani. Nilikodisha makoti meupe, kila mtu akavaa, hata mlinzi, ambaye koti lake lilifika kwenye vifundo akafanana na padri. Nikawapanga uani nikawafundisha.

"Mgeni akiuliza, majibu ni mawili tu. Ndiyo, na vizuri."

"Akiuliza choo kiko wapi?" akasema mama mmoja wa mezani.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. "Utamwambia ndiyo, halafu umpeleke vizuri."

Bi Lilian alifika kwa gari dogo lenye matope, peke yake, amevaa gambuti. Nilitarajia viatu vya visigino virefu. Akasalimia watu mmoja mmoja kwa mkono, mpaka yule mlinzi wetu padri. Nikamweleza kwamba hapa tunaanza siku na maombi, ndiyo maana kampuni yetu ni familia. Na kwa sababu nilitaka aone jinsi ninavyowaheshimu wadogo, nikafanya jambo nililokuwa sijafanya hata siku moja.

"Leo," nikasema, "Mama Ngithi atatuombea."

Hakuna aliyenilazimisha. Mimi mwenyewe, kwa ujanja wangu.

Mama Ngithi alisogea mbele, akavua kitambaa cha kichwa akakikunja, akafumba macho, akaanza kwa Kimbeere, maana yeye huongea na Mungu kwa lugha hiyo tu. Nitawawekea kwa Kiswahili kadiri ninavyokumbuka, na nakumbuka yote.

"Ngai wa baba zetu, asante kwa mvua na asante kwa mgeni. Mbariki Baba Wanja, kwa maana ndiye anatulisha. Mwongezee masikio, Baba, kwa maana mdomo ulishampa wa kutosha. Wewe unaona njugu za stoo ya tatu zilivyoungua tumboni. Unajua tulijaribu kumwambia tukarudishwa. Unajua kwamba kila kitu kinachoharibika hapa tunakisukuma stoo ya tatu, kwa sababu Ireri alipoleta habari ya paa linalovuja ndiye aliyekatwa mshahara. Unajua Nyaga halali usingizi. Na huyu mgeni, Baba, ni mtoto wa watu, amekuja kuweka hapa pesa za watu, na sisi tumesimama mbele yake na makoti ya kukodisha. Usituhesabie uongo huu, tuna watoto. Amina."

Amina ile sijawahi kuisikia tena. Watu hamsini waliisema kama mtu mmoja.

Nilikuwa nimesimama na macho nimefumba na sikuweza kuyafungua. Stoo ya tatu? Mimi nilijua stoo ya tatu ina magunia matupu. Ufunguo wake ulikuwa kwa Nyaga na sikuwa nimeingia humo tangu mwaka uliotangulia. Mimi, ninayeijua njugu kwa sikio, nilikuwa napita mbele ya mlango ule kila siku. Na kukatiza maombi huwezi. Kwetu mtu anaweza kukatiza harusi, hawezi kukatiza maombi. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote pale, maana ndivyo nilivyowafungia midomo.

Halafu nikapata faraja kidogo. Mgeni ni wa Nairobi, ameolewa na Mluhya, Kimbeere atakijulia wapi? Nikafungua macho, nikatabasamu, nikamwambia, "Mama ameombea mvua."

Bi Lilian akanitazama. Akajibu kwa Kimeru safi, kile cha milimani, na Kimeru na Kimbeere ni watoto wa nyumba moja.

"Ameomba vizuri sana. Mimi nimezaliwa Kaaga, mzee. Nyanya yangu alikuwa akiomba hivyo hivyo." Akageuka. "Nyaga ni nani? Lete ufunguo wa stoo ya tatu."

Na juu ya hayo aliniita mzee.

Mlango ulifunguliwa na harufu ikatoka kwanza, ile ya mafuta yaliyochacha. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye boriti. Nyuma ya magunia kulikuwa na pampu mbovu, mabati yenye kutu, mizani iliyovunjika, vyote vimefunikwa kwa unadhifu, kama watu wanavyofunika maiti ya mtu wanayemheshimu. Ilikuwa historia yangu ya mwaka mzima na sikuwahi kuisoma. Bi Lilian akatoa kiini, akakikata kwa meno, akakitazama ndani, akatema. Akachukua kingine. Akafika cha kumi.

"Moto uliongezwa njugu zikiwa na maji," akasema. "Nani aliagiza?"

Vijana, nimeahidi kuwafundisha uongozi, kwa hiyo sikilizeni nilichofanya. Nilisema, "Nyaga ndiye wa draya."

Nyaga hakubisha. Daftari lake lilikuwa mfukoni, kila saa imeandikwa, na amri yangu imo, nilikuja kuiona baadaye. Hakulitoa. Alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya gunia, akatoka nje. Mama Ngithi aliyekuwa mlangoni akasema jina langu tu, "Baba Wanja," kwa sauti ambayo mtu humwitia mtoto aliyekaribia moto. Bi Lilian akaangalia mlango aliotokea Nyaga, akaniangalia mimi, akasema atapiga simu. Gari lake likaondoka na matope yake.

Hakupiga. Alituma barua baada ya wiki mbili, na Wanja akanisomea mara tatu kwa sababu nilidhani ananitania. Pesa zipo. Draya mbili mpya zipo, mishahara iliyochelewa italipwa. Hisa zangu nyingi nibaki nazo. Lakini meneja awe Nyaga, na mimi nikae kwenye halmashauri, bila ofisi, bila ufunguo. Nijibu ndani ya siku tatu, la sivyo hakuna kitu. Chini ameandika kwamba njugu zilizoungua hazimtishi, kila kiwanda huunguza. Kinachomtisha ni kiwanda ambacho kimeungua mwaka mzima na mwenyewe hana habari.

Sijawahi kushtuka hivyo, na nimewahi kuumwa na nyoka. Mtu niliyemfundisha kushika njugu awe mkubwa wangu? Siku ya kwanza nililala. Siku ya pili nilipigia simu watu watatu wenye pesa, na wote watatu walikuwa na mgonjwa hospitalini. Siku ya tatu nikawasha pikapu nikateremka Mbeere kwa Mama Ngithi. Nilikuwa na mpango. Nilitaka ampigie Bi Lilian aseme wafanyakazi wananitaka.

Nilimkuta uani anapiga ndengu kwa fimbo, maganda yanaruka. Hakuacha.

"Mama Ngithi, ulinimaliza."

"Mimi nilikuwa naongea na Mungu."

"Ulikuwa unaongea na mgeni."

"Na wewe ukiombea bomba la maji, ulikuwa unaongea na nani?"

Nikatafuta mahali pa kukaa. Akanisogezea kigoda kwa mguu. Nikamwambia nilichokuja nacho, kwamba apige simu, aseme.

"Nitapiga," akasema. "Nitasema ukweli. Nilete simu?"

Nikatikisa kichwa. Fimbo ikaendelea.

"Umekuja kwangu mara ngapi, Baba Wanja?"

"Hii ni ya kwanza."

"Mume wangu alipokufa?"

"Nilituma mchango."

"Ulituma. Jina lako lilisomwa la kwanza." Akakusanya ndengu kwa viganja. "Miaka yote hiyo, umewahi kuniuliza nini?"

Nilitaka kucheka. Mimi niongee na watu hamsini kutwa, nikose kuuliza? Nikaanza kutafuta. Nilitafuta kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, halafu mfuko wa pili, halafu chini ya kiti cha gari. Nilipata moja. "Umemaliza?" Hilo nilimwuliza kila jioni. Lingine sikupata. Nilikaa pale juani, mtu mzima, mwenye pikapu, mwenye kiwanda, na sikupata lingine. Kuku walikuja wakadonoa karibu na viatu vyangu na sikuwafukuza.

"Nyaga ataweza?" nikasema mwishowe.

Fimbo ikasimama. Akafikiri, kwa sababu sasa alikuwa ameulizwa.

"Nyaga ni mwoga. Lakini akikosea husema siku hiyo hiyo. Mimi nilimwona akirudi kwako mara mbili kuhusu ule moto, na kila mara anageuka akifika mlangoni. Ukiondoka mlangoni, ataweza."

"Na mimi?"

"Wewe unaijua njugu kutushinda sote. Kaa mahali mtu anaweza kukufikia."

Nikarudi nyumbani, nikatia sahihi jioni ile kwenye boneti ya pikapu, Wanja akapiga picha akatuma. Msiniulize nilivyolala.

Mnaotafuta mtaji, mimi nimepewa pesa na wanachama, benki na mwekezaji, na nawaambia mwekezaji halisi haogopi shimo lako, anakuogopa wewe usiyejua liko wapi. Rangi ya ukuta nilipoteza bure. Na mnaotaka wafanyakazi waipende kampuni, msiwape nyimbo na fulana. Angalia yule wa kwanza aliyekuletea habari mbaya, yuko wapi leo. Wenzake wote wanamwangalia. Wangu alikuwa Ireri, na mshahara niliomkata nilimrudishia nikiwa nimechelewa sana, akaupokea bila kuniangalia.

Lakini kulikuwa na deni jingine, na hilo halikuwa la pesa. Jumatatu iliyofuata nilifika Karurumo kwa miguu, bila ufunguo. Nyaga alikuwa kwenye meza ya kuchagua, akina mama wamekaa pande zote mbili, mashine zinanguruma. Nikaenda mpaka katikati yao, nikavua kofia. Nikasema kwa sauti ya kushinda mashine, "Moto niliongeza mimi. Nyaga alinikataza. Na siku ya mgeni nilimsingizia."

Nilidhani paa litaanguka. Nilidhani watacheka, au watalia, au mtu atasema haleluya.

"Tunajua, mzee," akasema Nyaga, na akaendelea kuangalia kiini alichoshika.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma yangu akanigusa kiunoni kwa kidole. "Baba Wanja, sogea kidogo. Unaniziba mwanga."

Nikasogea.